Goodwood: Mahali Ambapo Zamani Hurudi Siku Tatu kwa Mwaka

Mama msomaji, ukisikia habari za mbio za magari huenda ukataka kufunua ukurasa unaofuata, ukisema hayo ni mambo ya akina baba na vijana wa kiume. Nakuomba usifunue kwanza. Katika mbio ninazotaka kukusimulia yamo mambo ya hospitali, ya jikoni, ya mavazi na ya malezi ya watoto. Tena limo swali ambalo kila mama hukutana nalo nyumbani kwake: katika mambo ya zamani, ni yapi turudishe, na ni yapi tuyaache yalale?

Goodwood ni shamba kubwa la ukoo wa Duke wa Richmond. Liko kusini mwa Uingereza, katika mkoa wa West Sussex, karibu na mji wa Chichester. Kutoka stesheni ya Victoria, London, treni huchukua kama saa moja na nusu kufika huko. Mdogo wangu ni muuguzi kama mimi, naye anafanya kazi katika hospitali moja ya kusini mwa nchi hiyo. Nilipokwenda kumtembelea mwezi wa Septemba, yeye na bibi mmoja wa kanisani kwao walikuwa wamekwisha kukata tiketi tatu. Bibi huyo amekaribia miaka themanini. Alipelekwa Goodwood na baba yake akiwa msichana mdogo, katika miaka ya 1950, na hakuna kona ya uwanja ule asiyoijua.

UWANJA WA NDEGE ULIOGEUKA NJIA YA MBIO

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahali hapo palikuwa na kiwanja cha ndege za kivita kilichoitwa Westhampnett. Kukizunguka kiwanja palijengwa barabara ya kupitishia ndege. Ndipo hapo rubani Douglas Bader aliporuka kwa mara ya mwisho katika vita ile, tarehe 9 Agosti 1941, akaangukia mikononi mwa adui huko Ufaransa. Bader alikuwa amekatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya ndege mwaka 1931, naye aliruka vitani akiwa na miguu ya bandia. Sanamu yake ipo Goodwood hadi leo, nami kama muuguzi nilisimama mbele yake kwa muda.

Vita ilipokwisha, Duke wa wakati ule aliitazama barabara ile akaona itafaa kwa mbio. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa mbio katika ujana wake, na mwaka 1931 alishinda mashindano makubwa kwa gari dogo la MG. Uwanja ulifunguliwa tarehe 18 Septemba 1948. Mzunguko mmoja ni karibu kilometa 3.8. Siku hiyo ya kwanza mmoja wa washindi alikuwa kijana Stirling Moss, aliyetimiza miaka 19 siku moja tu kabla. Baadaye akawa mmoja wa madereva mashuhuri kabisa duniani.

Mashindano yaliendelea hadi mwaka 1966. Kufikia wakati huo magari yalikuwa yameuzidi uwanja kwa kasi, hivyo Duke akayasimamisha mashindano. Kwa miaka 32 uwanja ulibaki kwa majaribio ya magari na safari za ndege ndogo. Mwezi wa Septemba 1998, mjukuu wake aliufungua tena kwa mashindano ya magari ya kale, na tangu hapo watu hukusanyika hapo mwezi huo kwa siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili.

MAGAUNI, KOFIA NA VITENGE

Ukifika getini, kitakachokushangaza kwanza ni watu, hata kabla hujayaona magari. Wageni huombwa waje wamevaa kama watu wa miaka ya 1940, 1950 na 1960, nao huitikia kwa moyo wote. Wanaume wana suti za sufu na kofia. Wanawake wana magauni ya kiuno chembamba na sketi pana, glavu mkononi na kitambaa kichwani kilichofungwa chini ya kidevu. Mdogo wangu na mimi tulivaa vitenge vilivyoshonwa kwa mtindo wa mama yetu katika picha yake ya harusi, mikono yenye marinda na kilemba cha kitambaa kile kile. Watu walituomba tupige nao picha.

Bibi yetu alicheka alipoona tunavyoyastaajabia magauni ya wenzetu. Alitukumbusha kuwa mwaka ule uwanja ulipofunguliwa, nguo Uingereza zilikuwa za mgawo, na ziliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1949. Petroli nayo ilikuwa ya mgawo hadi 1950. Mama yake alimshonea gauni la kwanza kutokana na pazia. Kwa hiyo, alisema, wengi wa waliokuwa hapa mwaka 1948 hawakuvaa vizuri kama hawa wanaowaiga leo.

Maneno hayo yalinikaa moyoni siku zote tatu.

MAGARI YENYEWE

Sitajifanya fundi makanika, ila nitakueleza nilichokiona. Nilimwona Jaguar wa aina ya D, gari lenye pezi kama la samaki nyuma ya kichwa cha dereva. Magari ya aina hiyo yalishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, 1956 na 1957. Niliona Aston Martin, Lotus, MG na Austin-Healey. Nilimwona Jaguar wa aina ya E, aliyeonyeshwa duniani mara ya kwanza mwaka 1961, ambaye hata mimi nisiyejua magari naweza kusema ni mzuri. Yalikuwapo pia magari madogo ya nyumbani kama Austin A35, ndugu wa yale tuliyoyaona utotoni kwetu yakisukumwa na watoto kila asubuhi ili yawake.

Magari hayo hayakuwekwa nyuma ya kamba kama vyombo vya makumbusho. Yanakimbizwa kweli. Matairi yake ni membamba, kwa hiyo yakiingia kona kwa kasi huteleza upande, na dereva huzungusha usukani huku na huku kama mama anayekoroga ugali mgumu. Mngurumo wake unausikia kifuani kabla ya masikioni. Tena kuna harufu moja tamu kidogo inayokaa hewani. Niliuliza ni nini, nikaambiwa ni mafuta ya nyonyo, ambayo baadhi ya injini za mbio za zamani hutumia kama oili. Mdogo wangu na mimi tuliangua kicheko, maana muuguzi anayajua mafuta hayo kwa kazi nyingine kabisa!

WATOTO NA MAGARI YA KUKANYAGA

Kwa akina mama, nadhani jambo la kufurahisha kuliko yote ni mbio za watoto. Watoto wadogo, wamevalishwa ovaroli nyeupe, hukimbilia magari madogo ya chuma ya kukanyaga kwa miguu, huruka ndani, na kuanza kushindana huku wazazi wakipiga makelele kuliko walivyoshangilia Jaguar.

Magari hayo yanaitwa Austin J40, nayo yana habari yake. Yalitengenezwa kuanzia mwaka 1949 hadi 1971 katika kiwanda cha Bargoed, huko Wales. Waliofanya kazi humo walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe ambao mapafu yao yalikuwa yameharibiwa na vumbi la mgodini. Hawakuweza tena kushuka chini ya ardhi, wala kazi nzito hawakuiweza. Kiwanda kiliwapa kazi nyepesi ya kuunganisha na kupaka rangi magari ya watoto, na kwa miaka ile yote yalitoka magari zaidi ya 30,000. Nimewauguza wagonjwa wenye mapafu ya namna hiyo. Najua jinsi baba anavyoumia anapokuwa hai lakini hana kazi ya kulisha nyumba yake. Niliwatazama watoto wale wakikanyaga na kucheka, nikawaza mikono iliyokaza zile skrubu.

KONA YA ST MARY'S

Jumamosi tulisimama kwenye kona inayoitwa St Mary's. Bibi alinyamaza hapo, kisha akatueleza.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 23 Aprili 1962, Stirling Moss alitoka nje ya njia karibu na mahali hapo na kugonga ukingo wa udongo. Gari lake aina ya Lotus lilijikunja likamshika ndani. Ilichukua zaidi ya nusu saa kukata vyuma ili kumtoa. Katika picha iliyopigwa wakati ule anaonekana muuguzi kijana aliyepiga magoti kando ya gari, ameushika mkono wa mtu asiyejua kitu. Moss alikaa bila fahamu kwa muda wa mwezi mzima, na upande wake wa kushoto ulipooza kwa miezi kadhaa. Alipona, lakini alipojaribu tena gari hapo hapo Goodwood mwaka uliofuata, aliona ule wepesi wa akili umepungua, akaacha mbio. Aliishi hadi mwaka 2020, akafariki akiwa na miaka 90.

Mwingine hakupona. Tarehe 2 Juni 1970, Bruce McLaren wa New Zealand, dereva na mwanzilishi wa timu yenye jina lake, alikuwa akijaribu gari lake jipya kwenye uwanja huu. Sehemu ya bodi ya nyuma ilichomoka kwenye mwendo wa kasi. Alikufa akiwa na miaka 32, akaacha mke na binti mdogo.

Na kuna habari ya moto. Septemba 1959, katika mbio za saa sita za Tourist Trophy, gari la Aston Martin lilikuwa likijazwa mafuta. Petroli ilimwagika, moto ukalipuka, na dereva Roy Salvadori akaungua. Kibanda cha mafundi kiliteketea. Timu ile ilikuwa ikiwania ubingwa wa dunia wa magari ya michezo, na bila kibanda isingeweza kuendelea kuhudumia magari yake. Ndipo Graham Whitehead, mtu binafsi aliyeingiza gari lake katika mbio zile zile, alipoliondoa gari lake mashindanoni ili Aston Martin watumie kibanda chake. Moss alihamia katika gari jingine la timu, akashinda, na ubingwa wa mwaka ule ukaenda kwa Aston Martin. Majina ya washindi yameandikwa katika vitabu vingi, lakini mimi nilitaka wewe ulijue la Whitehead.

YALIYORUDISHWA NA YALIYOACHWA

Sasa nifikie lile swali nililolitaja mwanzoni. Waandaaji wa Goodwood wamerudisha karibu kila kitu cha zamani: majengo meupe, mabango, muziki, magauni, hata magari ya kisasa huachwa nje mashambani. Lakini nilipotazama kwa jicho la muuguzi, niliona kuna jambo moja ambalo hawakulirudisha. Hawakurudisha huduma ya majeruhi ya mwaka 1948.

Pembezoni mwa njia zimewekwa kuta za matairi ya kupunguza nguvu ya kugonga. Madereva huvaa helmeti imara na mavazi yasiyoshika moto upesi, ingawa wengine huvifunika kwa mitindo ya kale. Madaktari wanasubiri na vifaa vya leo. Na kila baada ya hatua kadhaa wamesimama watu wenye ovaroli nyeupe na bendera. Bendera ya njano inasema kuna hatari mbele, usipite mwenzako. Nyekundu inasema simameni. Wengi wa hawa hujitolea tu. Wanasimama tangu asubuhi, mvua au jua, na mbio zenyewe huzitazama kidogo sana, kwa sababu macho yao yako kwenye usalama wa watu.

Mchana ule gari moja liliteleza mbele yetu, likazunguka mara mbili na kugonga ukuta wa matairi. Kabla sijasimama sawasawa, bendera zilikuwa zimepepea, mbio zimesimama, na gari la madaktari limefika. Umati wote ulinyamaza. Kisha dereva akatoka kwa miguu yake mwenyewe na kupunga mkono, watu wakapiga makofi. Nilijikuta natetemeka. Bibi alinishika bega akasema kwamba, katika miaka ya baba yake, watu wangekuwa bado wanatafuta machela.

Hapa nyumbani mara nyingi nasikia wazazi na wakwe wakituambia: "Sisi tulipanda nyuma ya lori na hatukufa. Sisi tulizaliwa nyumbani na hatukufa. Mtoto aliungua, tukampaka mafuta, akapona." Ni wazee wetu na tunawaheshimu. Lakini mama mwenzangu, anayesema hivyo ni yule aliyebaki kusema. Wale waliokufa nyuma ya lori, au katika uzazi usiku wa manane, hawapo hapa kutoa ushuhuda wao. Katika wodi yetu tumewafunika wengi, nasi ndio tunaowasemea.

DEREVA MWANAMKE ALIYEFIKA KWETU

Nisimalize bila kumtaja Pat Moss, dada yake Stirling. Mwaka 1960, yeye na mwenzake Ann Wisdom walishinda mashindano magumu ya Liège–Rome–Liège kwa gari la Austin-Healey, wakiwapita wanaume wote. Na mwaka 1962, mwaka ule ule kaka yake alipoumia, Pat alikuja Afrika Mashariki kwa mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Alimaliza wa tatu kwa gari dogo la Saab, katika matope na vumbi ambavyo sisi tunavijua. Mama mwenye binti anayependa spana kuliko sindano anaweza kumsimulia habari hiyo.

JUMAPILI ASUBUHI

Siku ya tatu bibi alitupeleka kwanza ibadani katika kanisa kuu la Chichester, kisha tukarudi uwanjani mchana. Mnara wa kanisa lile ni mrefu, unaonekana kutoka mbali, na unadhani umesimama hapo tangu enzi. Kumbe ule wa kale ulianguka mwezi wa Februari 1861. Nyufa zilionekana mapema, watu wakatolewa, na hakuna aliyeumia. Ulijengwa upya kwa sura ile ile na kukamilika mwaka 1866, ila uashi wa chini yake ulifanywa kuwa imara zaidi. Hakuna Mkristo wa Chichester aliyesema kwamba kuuimarisha msingi ni kuidharau kazi ya mababu.

MAMBO YA KUCHUKUA NYUMBANI

Haya hapa machache ambayo hayahitaji nauli ya ndege:

Usijaze mafuta ya taa katika jiko au taa inayowaka, wala iliyozimwa sasa hivi ikiwa bado ya moto. Kilichotokea Goodwood mwaka 1959 hutokea katika majiko yetu kila siku.

Mtu akiungua, mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala asali. Kisha funika kwa kitambaa safi, umpeleke kwenye kituo cha afya.

Usimpakate mtoto kwenye kiti cha mbele cha gari. Gari likisimama ghafla, mikono ya mama, hata ingekuwa na upendo kiasi gani, haiwezi kumzuia. Mtoto akae nyuma na afungwe kwa kiti au mkanda unaomfaa.

Ukikuta ajali, usimvute majeruhi kwa pupa, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya haraka. Mfanye asigeuze shingo, ita msaada, na ukae naye. Mshike mkono, mwite kwa jina kama unalijua, mwambie kuwa watu wanakuja. Hata anayeonekana hana fahamu huenda anakusikia.

Na kama una ndugu Uingereza, ukajaliwa kwenda kumtembelea mwezi wa Septemba, tiketi za Goodwood hukatwa mapema. Chukua koti, maana upepo wa bahari hauko mbali, na viatu vya kutembelea, kwa kuwa utashinda umesimama. Kitenge chako kilichoshonwa kwa mtindo wa mama yako kitafaa kabisa.